Vitabu vya Mvua na Miaka ya Ukame katika Ufipa

Kila mvua zinapokawia mwezi wa Novemba, neno moja husikiwa katika baraza za vijiji vya Ufipa, nalo ni hili: zamani mvua zilikuwa nyingi, siku hizi zimekwisha. Wazee hulisema, na vijana huliitikia, ijapokuwa hao vijana hawakuiona hiyo zamani. Sisi walimu hatupendi kulidharau neno la wazee, maana wamelima miaka mingi kuliko sisi. Walakini yatupasa kuuliza: zamani ipi? Ya baba zetu, au ya babu zetu, au ya wale waliomwona Livingstone akipita kandokando ya Ziwa Tanganyika mwezi wa Oktoba 1872? Zamani hizi si moja, wala mvua zake hazikuwa sawa. Katika insha hii twataka kueleza jinsi ukame wa miaka iliyopita unavyopimwa kwa vitabu vya mvua, na pale pasipo na vitabu, kwa mashahidi wengine walio waaminifu.

Tumechagua kusimama Milanzi. Mahali hapa pako karibu na mji wa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, nasi twapaona kuwa pafaa kwa sababu ya ukale wake. Masimulizi ya Wafipa yasema ya kuwa mfalme wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, akakaa Milanzi penye kilima cha Itwelele. Baadaye wakaja wanawake wageni siku ambayo mfalme alikuwa amekwenda kuwinda, wakaketi juu ya kiti chake. Na kutoka kwao ukatokea ukoo wa Watwa, waliotawala Nkansi na Lyangalile. Hata hivyo wakuu wa Milanzi waliachiwa heshima yao katika mambo ya ibada ya nchi. Mambo hayo yaliandikwa kwa urefu na mtaalamu Mwingereza, Roy Willis, katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1981, naye alilifasiri jina la Milanzi kuwa ni kijiji cha milele. Basi mahali paitwapo hivyo pana haki ya kuulizwa habari za miaka mingi. Bahati mbaya, masimulizi hutunza majina ya wafalme kuliko kutunza mvua.

Nchi yenyewe twaijua. Uwanda wa Ufipa umeinuka yapata mita 1,800 juu ya bahari, na milima ya Mbizi hupita mita 2,400. Upande wa magharibi nchi huteremka mpaka Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki huteremka kwa ghafula mpaka Ziwa Rukwa. Maziwa yote mawili yako chini yetu kwa kadiri ya mita 1,000. Mvua zetu ni za msimu mmoja: huanza Novemba, huendelea mpaka Aprili, na baada ya hapo ni kiangazi kitupu mpaka Oktoba. Kwa mwaka wa kawaida uwanda hupata kati ya milimita 800 na 1,000, na mahali pengine zaidi. Tukijilinganisha na Dodoma, ambako mvua za kawaida hazifiki milimita 600, sisi ni watu waliobarikiwa. Lakini mtu aliyezoea milimita 900 akipata 600, shamba lake hulia kama la yule wa Dodoma aliyepata 350, maana kila mmoja amechagua mbegu na namna ya kulima kwa kufuata mazoea ya mvua za kwao.

Tuseme kwanza habari za kipimo. Milimita moja ya mvua maana yake ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi. Kipimo cha mvua ni chombo cha bati au shaba chenye mdomo wa duara; maji huingia, na kila siku saa tatu ya asubuhi mtu huyapima kwa bilauri iliyochorwa mistari, akaandika. Hakuna uganga wowote ndani yake, wala hakihitaji elimu kubwa, chahitaji uaminifu. Watu wa Korea walikuwa na vyombo vya namna hii tangu mwaka 1441, na huko Misri walipima kimo cha mto Nili tangu zamani za Mafarao, maana mto ule ndio ulioamua kama watu watakula au watakufa. Msomaji akumbuke habari ya Yosefu na miaka saba ya njaa. Watu wa nchi ile walikuwa na sababu ya kuhesabu.

Huku kwetu upimaji uliletwa na Wadachi. Waliijenga boma yao ya Bismarckburg, yaani Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, nao walipenda kuwapa maboma na misioni vyombo vya kupimia mvua. Vita ya 1914 mpaka 1918 ilikatiza kazi hiyo mahali pengi, na vitabu vingine vikapotea. Mwaka 1929 Waingereza waliunda idara moja ya hali ya hewa kwa nchi zote za Afrika ya Mashariki, makao yake Nairobi. Idara hiyo ilidumu mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na toka hapo Tanzania ikawa na idara yake, ambayo leo ni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Basi mtu atakaye kuunganisha mvua za miaka mia moja za mahali pamoja hana budi kupita katika mikono ya serikali tatu, lugha tatu, na vipimo vya namna mbili. Kila mara serikali ilipobadilika, kitabu kilikuwa na hatari ya kukatika.

Na hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Waingereza waliandika mvua kwa inchi na sehemu za mia za inchi. Inchi moja ni milimita 25.4. Siku iliyopata inchi 1.25 ilipata milimita 32 kasoro kidogo. Karani wa baadaye akiiona namba 125 bila nukta, akaiandika kuwa milimita 125, basi amefanya gharika kwa kalamu. Kosa jingine ni la nafasi tupu. Siku ambayo mpimaji alikuwa mgonjwa, au amekwenda matanga, kitabu huachwa wazi. Naye anayenakili huweka sifuri, na siku isiyojulikana hugeuka kuwa siku ya jua. Mwezi mzima wa namna hii hutosha kuzaa ukame ambao haukuwapo. Tena kuna miti. Kipimo kiliwekwa mahali peupe, karibu yake ukapandwa mwembe au mkaratusi, na baada ya miaka ishirini matawi yamekifunika. Kitabu chaonyesha mvua zinapungua kidogo kidogo, kumbe ni mti unakua. Kwa hiyo wataalamu hulinganisha kituo kimoja na vituo jirani. Kama Sumbawanga pamepungua na Mbala ng'ambo ya mpaka hapakupungua, wala Mbeya hapakupungua, huanza kukishuku kipimo kabla ya kuishuku mbingu.

Hata hivyo ni kweli ya kuwa mvua zaweza kunyesha kijiji hiki na kuacha kile. Nabii Amosi aliwakumbusha Waisraeli jambo la namna hiyo, na kila mkulima wa Ufipa ameliona kwa macho yake. Ndiyo sababu kituo kimoja hakitoshi kuhukumu nchi nzima. Na ndiyo sababu hesabu za setilaiti, ambazo kwa nchi zetu zaanza tangu mwaka 1981, zasaidia sana kujaza nafasi kati ya kituo na kituo, ingawa nazo husahihishwa kwa vipimo vya ardhini.

Sasa tuangalie jambo moja ambalo limewapotosha wengi, hata wenye elimu. Mwaka wa kalenda huanza Januari, lakini mwaka wa mkulima wa Ufipa huanza mvua za kwanza za Novemba na kumalizika mavuno. Tutoe mfano wa kubuni, tuone. Tuseme msimu wa kwanza Novemba na Desemba zilikuwa milimita 200, na Januari mpaka Aprili 650; jumla 850, mavuno mema. Msimu wa pili mvua zilichelewa, Novemba na Desemba zikatoa 100 tu, na Januari mpaka Aprili 400. Jumla 500, ghala tupu. Msimu wa tatu Novemba na Desemba zikatoa 400, na baadaye 600, jumla 1,000. Sasa karani anayehesabu kwa kalenda atajumlisha 650 za mwanzo wa mwaka na 100 za mwisho wake, apate 750. Mwaka unaofuata atajumlisha 400 na 400, apate 800. Atasema miaka yote miwili ilikuwa ya kuridhisha, na watu wa kijijini watamshangaa, maana katikati ya miaka hiyo miwili walikula mbegu zao. Kitabu chake hakikusema uongo; kimekatwa mahali pabaya. Kwa hiyo, kwa nchi yetu, mvua zihesabiwe toka Julai mpaka Juni.

Baada ya kusafisha kitabu hivyo, ndipo huulizwa: ukame ni nini? Hautoshi kusema mvua zilikuwa chache. Huchukuliwa misimu isiyopungua 30 ya mahali palepale, ikatafutwa wastani wake. Tena hutafutwa kadiri ambayo misimu huachana na wastani huo kwa kawaida, ikipanda au ikishuka. Tuseme, kwa mfano tu, wastani ni 850 na kuachana kwa kawaida ni 150. Msimu wa 700 umepungua hatua moja: ni mwaka mgumu kidogo, nao hutokea mara nyingi. Msimu wa 550 umepungua hatua mbili: huo ni ukame mkubwa sana, ambao mtu aweza kuuona mara moja au mbili tu katika maisha yake. Njia hii ilipangwa vizuri na wataalamu watatu wa Colorado, Marekani, mwaka 1993, pamoja na masahihisho ya hesabu ambayo hatuna haja ya kuyaeleza hapa, nayo leo yatumika katika nchi nyingi duniani. Faida yake ni kwamba yapima kila mahali kwa mazoea yake penyewe, hata Milanzi na Dodoma wakaweza kuzungumza lugha moja.

Lakini jumla ya msimu nayo yaweza kuficha maumivu. Mahindi yakikosa maji wiki tatu wakati wa kutoa mbelewele, mvua za Machi haziyafufui, hata zikiwa nyingi namna gani. Wazee wetu waliijua hatari hii. Kulima kwa intumba, yaani kufukia majani ndani ya matuta ya mviringo mvua zinapoelekea mwisho, kulitunza unyevu na kuipa ardhi mbolea. Maharagwe yalipandwa juu ya tuta yakanywa maji yaliyobaki, na msimu uliofuata tuta lilisambazwa, ukapandwa ulezi. Ulezi huvumilia kuliko mahindi, na ghalani hukaa miaka bila kuharibiwa na wadudu. Tangu mahindi yalipochukua nafasi ya ulezi, na Rukwa ikasifiwa kuwa miongoni mwa mikoa inayolisha nchi, mvua ileile iliyowatosha babu zetu yaweza isitutoshe sisi. Mtu husema mvua zimepungua, ilhali ni mmea uliobadilika.

Turudi nyuma kabla ya vitabu. Hapo mashahidi wetu wakubwa ni maziwa, na kwanza Ziwa Rukwa. Ziwa hili halina mto utokao. Maji huingia kwa Songwe, kwa Momba, kwa Rungwa na mito mingine, wala hayana njia ya kutoka ila kwa jua. Tena kina chake ni kifupi na kingo zake ni tambarare. Kwa hiyo miaka michache ya mvua nyingi hulieneza mbali, na miaka michache ya ukame hulikunja kama mkeka. Mtu akitaka kitabu cha mvua kilichoandikwa na Mungu mwenyewe kwa nchi ya kusini magharibi, hiki hapa.

Bwana Joseph Thomson aliliona ziwa hilo mwaka 1880, akaliita Leopold kwa jina la mfalme wa Wabelgiji. Mwishoni mwa miaka ya 1890 wasafiri walikuta sehemu yake kubwa ni mbuga kavu. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kilomita 48 tu. Miaka kumi baadaye, 1939, ulikuwa kilomita 128, na upana kilomita 40. Mwaka 1949 maji ya upande wa kusini yalikaribia kukauka kabisa. Kisha baada ya mvua kubwa za 1961 na miaka iliyofuata likajaa tena, na katika miaka ya baadaye limehesabiwa kuwa na urefu wa kilomita zipatazo 180. Msomaji atazame mfululizo huo: chini, juu, chini, juu. Hapana mstari ulionyooka wa kupungua tangu enzi za babu mpaka leo.

Ziwa Tanganyika ni shahidi pia, lakini shahidi huyu sharti ahojiwe kwa uangalifu. Mwaka 1874 Luteni Cameron aliuona mto Lukuga, ambao ndio mlango wa kutokea maji, umezibwa na matope na majani. Ziwa likapanda, hata kwenye mwaka 1878 maji yakalivunja lile zibo, yakaenda zake Kongo. Kapteni Hore wa misioni ya London aliweka alama Ujiji mwaka 1879 akaona maji yanashuka mwaka kwa mwaka. Kabla ya karne kwisha yalikuwa yameshuka mita zipatazo 10. Huko Karema, boma ambalo Wabelgiji walilijenga mwaka huohuo wa 1879, na ambalo Mapadre Weupe walilipokea mwaka 1885, ufuko uliliacha mbali. Je, huo wote ulikuwa ukame? La. Sehemu kubwa ilikuwa mlango uliofunguka. Hata hivyo Ziwa Victoria, lisilohusika na Lukuga hata kidogo, nalo lilishuka katika miaka hiyohiyo, na Rukwa likakauka. Mashahidi watatu wasiojuana wakisema neno moja, twaweza kuamini ya kuwa mvua za mwisho wa karne ile zilikuwa chache kuliko za miaka ya 1870.

Shahidi wa namna nyingine ni daftari za misioni. Kardinali Lavigerie aliwaagiza mapadre wake waandike habari za kila siku katika kila kituo, nao walitii. Na Askofu Lechaptois, aliyeongoza vikarieti ya Tanganyika tangu 1891 mpaka alipofariki 1917, alitoa kitabu juu ya nchi na watu wake mwaka 1913. Daftari za namna hii hazina milimita. Lakini padre aliyeandika siku ya mvua ya kwanza, na siku ambayo watu walikuja kuomba chakula, ametuachia kitu ambacho kipimo cha shaba hakiwezi kukisema.

Ila tuwe waangalifu tusichanganye njaa na ukame. Njaa ina wazazi wengi. Sotoka iliwaua ng'ombe wa Afrika ya Mashariki miaka ya mwanzo ya 1890. Wakati wa Vita ya kwanza wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, na chakula kikachukuliwa pamoja nao, mashamba yakabaki na wanawake na watoto. Huko Ugogo njaa ya Mtunya ilifuata, na hiyo ilikuwa vita na ukame vikishikana mikono. Nzige wekundu walioruka tangu mwaka 1930 mpaka 1944 waliila nusu ya bara hili, na mazalio yao mojawapo yalikuwa bonde letu la Rukwa, pale maji yanaposogea na kuacha mbuga za majani. Mwaka ambao nzige walikula ulezi huenda ulikuwa na mvua njema sana. Anayehesabu miaka ya njaa katika masimulizi na kuiita yote miaka ya ukame atatengeneza historia ya uongo, tena yenye huzuni kuliko ilivyokuwa.

Tumefika mahali ambapo hesabu hizi zagusa maisha ya watu. Mvua zinapokatika, mioyo hutafuta mkosaji. Katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki mtu mzee, mara nyingi mjane asiye na mtetezi, amewahi kunyooshewa kidole ya kuwa ameifunga mvua. Mahali pengine mgeni mwenye ng'ombe ndiye hushtakiwa, au watu wa dini nyingine. Jina lenyewe la Sumbawanga, kama wengi wanavyolifasiri, laamuru kutupa uchawi. Nasi twaona ya kuwa kitabu cha mvua chatusaidia kulitii jina hilo. Tuchukue mwaka 1949. Ziwa Rukwa lilikuwa karibu kukauka. Mwaka huohuo Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ilipata njaa kubwa kwa sababu ya kukosa mvua. Mwaka huohuo huko Kongwa katika Ugogo, ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 kwa matrekta na fedha nyingi, uliona karanga zake zikinyauka. Na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikauacha. Sasa ni bibi gani wa kijiji kimoja mwenye mkono mrefu wa kutoka Ufipa mpaka Kongwa, na kutoka Kongwa mpaka Ziwa Nyasa? Ukame huo ulikuwa wa nchi nyingi kwa pamoja, na uliletwa na pepo zinazotoka mbali, zisizomjua mtu kwa jina. Anayemtesa jirani yake kwa ajili ya mawingu amefanya dhambi, na tena amekosea hesabu. Eliya alifunga na kufungua mbingu kwa sala, na Maandiko yaliandika jambo hilo kwa sababu halikuwa kazi ya kila mtu.

Sasa turudi kwenye neno la wazee. Mzee aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi mvua za 1961 zilipokuja. Mwisho wa mwaka ule maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata joto kupita kawaida, mawingu yakajaa, na kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2, Tanganyika likapanda, Rukwa likaenea. Hiyo ndiyo zamani yake. Akiilinganisha na ukame wa miaka ya 1973 mpaka 1975, au wa 1983 na 1984, lazima aone mvua zimekwisha. Lakini baba yake aliyelima mwaka 1949, kama angeishi mpaka 1964, angesema kinyume: zamani kulikuwa jua, siku hizi ni maji. Wote wawili wasema kweli, na wote wawili wameanza kuhesabu mahali panapowapa jibu lao. Na wataalamu nao huingia katika mtego huo. Atakayeanza mstari wake mwaka 1962 atatuletea barua ya msiba. Atakayeanza 1949 atatuletea pongezi. Kwa hiyo tukisikia mtu ametangaza ya kuwa mvua za nchi fulani zimepungua kwa sehemu kadha wa kadha, swali la kwanza liwe: toka mwaka gani?

Hatusemi ya kuwa hakuna kilichobadilika. Joto la Tanzania limepanda kwa kadiri ya digrii moja tangu mwaka 1960, na joto hunywa maji ya shamba kabla mmea haujayanywa. Mvua ileile hukauka upesi. Tena kuna chemchemi. Msitu wa Mbizi, wenye mbega wekundu wasioonekana mahali pengi duniani, hulinda vyanzo vya maji ya Sumbawanga na vijiji vyake. Msitu ukikatwa, maji ya mvua huteremka upesi kama juu ya bati, na mwezi wa Septemba kijito hukauka hata kama msimu ulikuwa mwema. Huo ni ukame wa mto, nao haumo katika kitabu cha mvua. Ufipa ni nchi yenye miti michache tangu zamani, na wahunzi wetu waliojenga tanuri ndefu za kuyeyusha chuma walihitaji makaa mengi. Kwa hiyo jambo la miti halikuanza na kizazi hiki. Lakini panga na moto wa leo vyafanya kazi haraka kuliko tanuri zile.

Limebaki neno juu ya El Niño, ambayo siku hizi hutajwa hata sokoni. Ni joto la bahari kubwa ya Pasifiki, na kwa kawaida huleta mvua nyingi Kenya na kaskazini ya Tanzania, na ukame Zambia, Zimbabwe na nchi za kusini. Ufipa imekaa mpakani mwa tawala hizo mbili za mawingu. Kwa hiyo tangazo linalowafaa watu wa Nairobi huenda lisitufae sisi, na lile la Lusaka vivyo hivyo. Kitabu cha mvua cha Ufipa chenyewe ndicho kinachoweza kuonyesha upande gani tulivutwa mwaka fulani. Hata ukame wa karne za nyuma sana, uliosomwa katika matope ya Ziwa Naivasha huko Kenya, kama ule wa miaka ya 1760 mpaka 1840, hatuwezi kuuhamishia Milanzi bila ushahidi wa kwetu.

Mwaka 2024 El Niño ileile iliyounguza mahindi ya Zambia, hata serikali yake ikatangaza msiba wa taifa mwezi wa Februari, ilifuatwa na maji mengi katika Ziwa Tanganyika. Mitaa ya Uvira na ya kando ya Bujumbura iliingiwa na maji, na watu wakahama nyumba walizozijenga ufukoni katika miaka ya maji machache, mahali ambapo wazee waliokumbuka mwaka 1964 walikuwa wamewaonya wasijenge.